Simu yakuuliza neno la siri kila saa? Usikimbilie kuiflashi

Wiki iliyopita, baada ya Magharibi, alinipigia shangazi yangu anayeishi Majengo kule Nyeri. Hata salamu hazikuisha.

"Mwanangu, simu hii imenichosha. Leo siku ya tatu yaniuliza neno la siri. Nalitia, yakataa. Nalitia tena, yakataa. Kuna kijana hapa steji asema ataiflashi, iwe kama mpya."

Nikamwambia, "Shangazi, nakuomba, usimpe." Ndani ya simu ile mna sauti alizokuwa akitumiwa na marehemu mumewe kwa WhatsApp, na hazijahifadhiwa mahali pengine. Simu ikiflashiwa, hazirudi tena. Na huenda tatizo lenyewe libaki palepale. Tangu 2015 simu nyingi za Android zina kinga ya wizi: ikifutwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, ikiwaka hutaka akaunti ya Google iliyokuwamo kabla. Kama neno la siri la akaunti hiyo hulijui, umerudi ulipoanzia, na vitu vyako vimekwenda.

Kwa hivyo kabla ya kugusa chochote, jiulize: ni nani huyu anayeuliza?

Huenda ni simu yenyewe, kwenye skrini ya kufungulia. Ukiizima na kuiwasha, itataka namba ya siri hata kama umezoea kufungua kwa kidole. Mara moja moja huitaka pia bila kuzimwa. Hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyoundwa.

Huenda ni WhatsApp. Ukiwa umeweka ile namba ya siri ya tarakimu sita, hukuuliza kila baada ya muda ili usiisahau. Ukiitia sawasawa, hunyamaza.

Huenda ni akaunti ya Google, na hapa ndipo wengi wanaposumbuka. Sababu ya kawaida ni kuwa neno la siri limebadilishwa kwenye simu au kompyuta nyingine, na simu yako ingali inatumia lile la zamani. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Tazama tarehe na saa. Zikiwa si sahihi, simu hushindwa kuwasiliana na akaunti. Iache simu ijiwekee saa yenyewe kutoka kwa mtandao.

2. Waulize wa nyumbani ni nani aliyefungua akaunti hiyo, na kama amebadilisha neno la siri. Litie jipya polepole, ukiangalia herufi kubwa na ndogo.

3. Zima simu na uiwashe, kisha sasisha programu zako kupitia Play Store.

4. Ikiwa bado yauliza, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uiondoe akaunti hiyo na kuiingiza upya. Lakini usiiondoe kama neno la siri hulijui, maana hutaweza kuirudisha. Na hakikisha kwanza picha na majina ya watu yamehifadhiwa.

Kama ni Wi-Fi inayokuuliza, huenda mwenyewe amebadilisha neno la siri. Iambie simu isahau mtandao huo, kisha uunganishe upya.

Wa mwisho ni tapeli. Ukiletewa ujumbe wenye kiungo, ukakibofya na ukurasa ukakutaka neno la siri, funga. Ikiwa kweli akaunti ina jambo, ingia mwenyewe kwenye mipangilio ya simu, utaliona huko. Na namba yako ya siri ya M-Pesa hakuna anayestahili kuijua, awe amepiga simu kwa sauti tamu namna gani. Fundi naye hana haja nayo. Akiitaka, chukua simu yako uende zako.

Tukirudi kwa shangazi: akaunti ile alifunguliwa na mwanawe aliye Doha. Kijana alisikia habari za matapeli, akabadilisha neno la siri akiwa hukohuko, akasahau kumwambia mamake. Nilimpigia, naye akampigia mamake, akamtajia herufi moja moja. Hakuliandika kwenye kundi la familia, na hapo alifanya vyema. Shangazi alilitia mara moja tu, simu ikatulia. Kisha tukawasha hifadhi ya WhatsApp ili zile sauti zisikae mahali pamoja.

Wengi wetu tumewafungulia wazee wetu akaunti hizi, kisha tukasafiri na funguo mfukoni. Leo jioni mpigie mamako. Hakikisha neno la siri analo, limeandikwa kwenye daftari linalokaa pamoja na hati za nyumba, na kwamba namba ya simu iliyoandikishwa kwenye akaunti ni laini anayoitumia sasa, si ile iliyopotea zamani.