Mashine ya kwanza ya kuchonga mizinga: kabla ya kununua, tuangalie jenereta

Mwaka jana tulikosea, na kosa letu lilikula makuta ya watu. Kooperative moja ya wafuga nyuki katika vilima vya Kivu ya Kusini ilikuwa imeuza asali vizuri. Wakaweka kando dola za kununua mashine ya kuchonga mbao, ili watengeneze mizinga yao wenyewe badala ya kuilipia mjini. Wakatuuliza: tununue ya namna gani? Sisi tukajibu haraka: nunueni kubwa, itadumu. Wakanunua ya wati 2000. Walipofika nayo kijijini, jenereta yao ilikohoa mara mbili, ikazimika. Mashine ikalala katika kasha lake mpaka msimu wa makundi ya nyuki ukapita. Nyuki walijiendea msituni.

Tangu siku ile tunaanza na maswali mengine. Ndiyo tunayowaletea hapa.

Tunazungumzia mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka kwa kasi sana, hata mara 30000 kwa dakika, na kinachochonga mfereji au kingo ya ubao. Kwenye kasha utakuta imeandikwa kwa Kifaransa défonceuse. Ile ndogo ya kushika kwa mkono mmoja inaandikwa affleureuse. Kwa mfugaji wa nyuki kazi yake kubwa ni ile ngazi ya ndani, juu ya mzinga wa Langstroth, mahali masikio ya kadre yanapolala: upana milimita 10, kina milimita 16.

Kwa nini tuhangaike na milimita? Mwaka 1851 mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aliona kwamba nyuki wanaheshimu nafasi ya milimita 6 mpaka 9 hivi: wanaiacha wazi wapate kupita. Ikiwa ndogo zaidi, wanaiziba kwa gundi yao. Ikiwa kubwa zaidi, wanajenga masega ndani yake. Kwa hiyo ngazi ikichongwa vibaya, siku ya kuvuna hautoi kadre, unavunja. Asali inamwagika, nyuki wanakasirika, na mzinga ulioitwa wa kisasa unafanya kazi kama gogo.

Swali la kwanza basi: mnaihitaji kweli? Kama mnatengeneza mizinga kumi kwa mwaka, fundi mwenye msumeno, patasi na randa anachonga ngazi hiyo vizuri, na makuta yenu yanabaki kwa nta na mavazi ya kujikinga. Na kama mnafuga kwa mzinga wa Kikenya, ule wa pao za juu tu, hamna kadre, hamna ngazi. Pao za upana wa milimita 32 zinatoka kwa msumeno na randa. Mashine inaanza kuwa na maana mnapotengeneza mizinga mingi, au mnapouzia wengine, sababu hapo kila kadre lazima iingie katika kila mzinga.

Swali la pili ni jenereta. Soma kibao chake, si maneno ya muuzaji. Zile ndogo za kubeba kwa mkono mmoja nyingi zinatoa wati 650 hivi tu. Mashine inapowashwa inavuta nguvu nyingi kwa ghafla, kwa hiyo tunashauri jenereta iwe karibu mara mbili ya mashine: mashine ya wati 1000, jenereta ya wati 2000. Kama mko na ile ndogo tu, hata affleureuse ya wati 500 itaisumbua. Afadhali mpeleke mbao kwa atelie yenye moto, mlipie kazi. Angalieni pia volti. Mashine zilizotumika kutoka Amerika zinaomba 120, na sisi tuko na 220. Ukiichomeka, utanusa moshi kabla hujaona vumbi la mbao.

Kwa kooperative nyingi tunazotembelea, sisi tungechagua ya katikati: wati 1000 mpaka 1400, yenye kushuka na kupanda kwenye chemchemi zake, na yenye kiongozi cha pembeni cha kufuata kingo ya ubao. Bila kiongozi hicho, iacheni dukani.

Halafu kuna mdomo unaokamata kisu, na hapa wengi wameanguka. Mashine za Ulaya ziko na mdomo wa milimita 6, 8 au 12. Nyingine zinafuata inchi, na robo inchi ni milimita 6,35. Kisu cha mguu wa 6 kinaingia katika mdomo wa robo inchi, kinaonekana kimekaa, kumbe hakijakamatwa. Kikiruka kwa kasi ile, hakichagui uso wa nani. Nendeni sokoni na kipimo cha fundi, mpime mguu wa kisu mbele ya muuzaji. Sisi tunapenda 8: unatetemeka kidogo kuliko 6.

Msimalize makuta yote kwa mashine. Wekeni sehemu kwa visu viwili vya kuchonga moja kwa moja, vyenye makali ya kabaidi, miwani ya kukinga macho na kitambaa cha pua. Lile sanduku la visu thelathini vya bei ya chini linavutia, lakini katika mikaratusi visu vile vinakuwa butu haraka na kuchoma ubao. Kisha mwombe muuzaji awashe mashine mbele yenu. Sikilizeni kama inalia sawasawa. Ikizimwa na kuchomolewa, shikeni mdomo, mtikise: ukicheza, rudisheni.

Kazini, ubao uwe umekauka kweli. Mikaratusi mibichi itajipinda na milimita zenu zote zitapotea. Chomoeni waya kabla ya kubadili kisu. Kisu kiingie milimita 20 au zaidi, lakini kisiguse chini ya mdomo. Kina kisizidi milimita 3 kwa mpito mmoja. Ukichonga kingo iliyo upande wako, sukuma mashine kutoka kushoto kwenda kulia. Ukigeuza, itakukimbia mikononi.

Ile kooperative ilibadilishana mashine yake na atelie moja mjini, wakapata ya wati 1200 pamoja na visu viwili. Jenereta yao ya wati 2500 inaibeba. Walianza na kipande cha ubao wa kutupa. Wakalaza kadre ndani ya ngazi, wakapima kutoka juu ya kadre mpaka ukingo wa ubao: milimita 6. Ndipo wakagusa ubao wa mzinga wa kwanza.