Chumvi, mafuta taa na grafu: Jinsi fizikia inavyofunza ukweli wa vipimo

CHUMVI ya mezani, inayopatikana katika kila duka mjini Kakamega na vitongoji vyake, ni miongoni mwa vitu rahisi mno ambavyo shule yaweza kutumia kufunzia fizikia. Hata hivyo, swali dogo kuihusu laweza kumtatiza hata mwanafunzi hodari: Je, densiti ya chumvi ni ngapi?

Densiti ni uzani wa kitu ukigawanywa kwa ujazo wake. Densiti ya maji ni gramu moja kwa kila mililita. Ile ya chumvi, kwa mujibu wa vitabu vya sayansi, ni takriban gramu 2.16. Lakini mwanafunzi akijaza chumvi kwenye silinda ya kupimia, aitie kwenye mizani na kupiga hesabu, huenda akapata gramu 1.2 au 1.3 pekee. Si kwamba kitabu kimekosea. Kati ya punje na punje mna hewa, na silinda huipima hewa hiyo pamoja na chumvi yenyewe.

Njia ya kuiondoa hewa hiyo ni kuimwaga chumvi ndani ya kiowevu, kisha kuangalia kiowevu kimepanda kwa kiasi gani. Maji hayafai kwa kazi hii kwa sababu huiyeyusha chumvi. Kiowevu kifaacho ni mafuta taa, ambayo hayaiyeyushi, mradi tu yawekwe mbali na moto.

Chukulia kwamba mwanafunzi ametia mililita 50 za mafuta taa katika silinda, kisha akawa anaongeza chumvi gramu 10 kila mara na kutikisa silinda polepole ili hewa itoke. Baada ya gramu 10, mafuta yamefika alama ya 54.5. Baada ya gramu 20 yako 59.5, gramu 30 yako 64, gramu 40 yako 68.5, na gramu 50 yako 73.

Akikokotoa densiti kwa kila kipimo peke yake, atapata majibu matano yanayotofautiana: 2.22, 2.11, 2.14, 2.16 na 2.17. Lipi ni sahihi? Hapo ndipo grafu inapohitajika.

Uzani wa chumvi huwekwa kwenye mhimili wa wima, na alama iliyofikiwa na mafuta kwenye mhimili wa mlalo. Kila mhimili sharti uandikwe jina lake na kipimo chake, na skeli iwe ile inayozieneza nukta kwenye sehemu kubwa ya karatasi. Nukta hizo hazifai kuunganishwa moja baada ya nyingine kama mtoto anayechora mlima. Mwanafunzi huchora kwa rula mstari mmoja ulionyooka, upitao katikati ya nukta, baadhi zikiwa juu yake kidogo na nyingine chini.

Mteremko wa mstari huo ndio densiti. Mwanafunzi huchagua sehemu mbili za mstari zilizo mbali, si lazima ziwe nukta alizopima. Mathalan, mstari ukipita penye mililita 52 na gramu 4.3, kisha mililita 72 na gramu 47.5, tofauti ya uzani ni gramu 43.2 na ya ujazo ni mililita 20. Ukigawanya utapata 2.16.

Isitoshe, mstari huo ukirefushwa hadi mahali ambapo uzani ni sufuri, utaukata mhimili wa mlalo karibu na 50, ambao ni ujazo wa mafuta kabla ya chumvi kutiwa. Ukiukata mbali na hapo, hiyo ni ishara kwamba kuna kosa lililojirudia katika kila kipimo, labda mizani ambayo haikurudishwa sufuri.

Tuseme sasa kwamba hewa ilinaswa katika kipimo cha tatu, na mafuta yakasomeka 66 badala ya 64. Anayetafuta wastani wa majibu matano atapata karibu 2.11 na huenda asitambue lolote. Kwenye grafu, nukta hiyo itajitenga na nyingine waziwazi. Dawa yake si kuifuta bali ni kurudia kipimo hicho.

Kishawishi kikubwa ni “kupika” matokeo. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya tatu ya fizikia ni ya vitendo na ina alama 40. Mwanafunzi anayejua jibu la kitabuni anaweza kuanza na 2.16 na kubuni vipimo kinyumenyume. Lakini silinda yenye alama za mililita moja haiwezi kutoa nukta ambazo zote zinalala juu ya mstari bila kasoro hata ndogo. Ukamilifu huo ndio unaozua shaka.

Aidha, mwanafunzi wa aina hiyo hushindwa pale ambapo jibu halimo kitabuni. Jamii ya Waluhya imetumia kwa vizazi vingi munyu wa musherekha, maji yaliyochujwa kupitia jivu la mimea kama vile maganda ya maharagwe, kulainishia mrenda na mboga nyinginezo. Maji hayo yana chumvi za potasiamu kwa wingi, na densiti yake hutegemea jivu lililotumika na kiasi cha maji. Atakaye kuijua hana budi kupima.

Maarifa haya yana faida nje ya darasa pia. Dhahabu, iliyowavutia wachimbaji wengi Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930 na ambayo wachimbaji wadogo wangali wakiitafuta, ina densiti ya takriban 19.3, ilhali mchanga wa kawaida una karibu 2.6. Ndiyo maana dhahabu hubaki chini ya karai mchanga unapooshwa. Mnunuzi wa maziwa naye hutumia laktomita, kipimo cha densiti, kubaini iwapo yametiwa maji. Katika biashara hizo zote mbili, kipimo kilichobuniwa humpunja mtu haki yake.