Nahau: Jinsi ya Kueleza Maana na Kutunga Sentensi

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Katika fasihi simulizi, nahau huwekwa kwenye utanzu wa semi pamoja na methali na vitendawili. Watahiniwa wengi hukariri fasili hii vizuri, kisha hupoteza alama pale swali linaposema “tunga sentensi”. Soma sehemu hii kwa makini ili usiwe miongoni mwao.

1. Umbo la nahau

Nahau nyingi huundwa na kitenzi na nomino. Kitenzi hubadilika kufuata nafsi na wakati: nimekata shauri, tulikata shauri, watakata shauri. Hapo nahau hutofautiana na methali. “Haraka haraka haina baraka” hubaki vilevile hata msemaji akibadilika, tena hutoa wazo kamili. “Kukata shauri” haijitoshelezi mpaka uiingize katika sentensi.

Nomino ya nahau kwa kawaida haibadiliki. Hata watu mia wakikubaliana na hoja, tunasema “waliunga mkono hoja”, si “waliunga mikono”. Vilevile, konde ni ngumi, lakini hatusemi “nilipiga moyo ngumi”. Iandike nahau kama wenye lugha wanavyoisema.

2. Kitenzi kimoja, maana nyingi

Jifunze nahau kwa makundi ya vitenzi. Ukiona zinavyotofautiana, hutazichanganya.

Kukata tamaa: kupoteza matumaini
Kukata shauri: kuamua
Kukata roho: kufariki

Kupiga chuku: kukuza habari kupita ukweli
Kupiga moyo konde: kujipa ujasiri
Kupiga maji: kulewa

Kula njama: kupanga uovu kwa siri
Kula kiapo: kuapa
Kula chumvi nyingi: kuishi miaka mingi

Angalia kuwa kila nahau iliyoanza na kitenzi imeelezwa kwa kitenzi. Ukiandika kwamba kukata shauri ni “uamuzi”, umetoa nomino mahali panapohitaji kitenzi. Andika “kuamua”.

3. Muktadha ndio unaoamua

Linganisha sentensi hizi mbili:

(a) Daktari alimkataza babu kula chumvi nyingi kwa sababu ya shinikizo la damu.
(b) Mwulizeni babu historia ya kijiji hiki, yeye amekula chumvi nyingi.

Maneno ni yaleyale. Katika (a) ni chumvi ya jikoni, hivyo hakuna nahau. Katika (b) ni umri. Kabla ya kueleza maana, soma sentensi nzima.

4. Kutunga sentensi inayoonesha maana

Swali: Tunga sentensi moja kwa kutumia nahau “kukata tamaa”.

Jibu dhaifu: Asha alikata tamaa.
Jibu zuri: Baada ya kumtafuta mbuzi wake siku nne bila kumwona, Asha alikata tamaa akarudi nyumbani.

Sentensi ya kwanza haina kosa la sarufi, lakini haithibitishi kwamba unaijua maana. Mtu asiyeijua nahau hiyo kabisa angeweza kuiandika. Sentensi ya pili inaeleza sababu na matokeo, hivyo maana inajionesha yenyewe.

Tumia kipimo hiki: ifute nahau kwenye sentensi yako, acha nafasi wazi, kisha mwombe mwenzako ajaze. “Asha ______” inaweza kujazwa kwa chochote: alicheka, alilala, aliolewa. Lakini katika sentensi ya pili, mwenzako atajaza jambo lililo karibu na kupoteza matumaini. Akishindwa kukisia, ongeza sababu au matokeo. Katika chumba cha mtihani utajipima mwenyewe kimyakimya. Haichukui hata nusu dakika.

5. Zoezi

Eleza maana ya kila nahau, kisha itungie sentensi moja na uipime kwa kipimo cha nafasi wazi.

(a) Kung’oa nanga
(b) Kumwaga unga
(c) Kupata jiko
(d) Kutia chumvi
(e) Kuona cha mtema kuni

Majibu ya maana: (a) kuanza safari, (b) kupoteza kazi, (c) kuoa, (d) kuongeza maneno yasiyo ya kweli katika habari, (e) kupata mateso makali.

Sentensi hazikujibiwa hapa kwa makusudi. Zitunge mwenyewe, mbadilishane madaftari na mwenzako, kila mmoja ajaze nafasi za mwingine. Nahau ambayo mwenzako ameikosa, itungie sentensi nyingine kabla ya kuendelea na sehemu inayofuata.