Kupanda vilima vya Kisii msimu wa baridi: Chagua saa kabla ya kuchagua kilima

Na Daktari Wetu

JE, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipotembea kwa miguu hadi jasho likakutoka, bila ya kuwa unakimbilia matatu? Wengi wetu tuishio mijini hatukumbuki. Asubuhi ni gari, mchana ni kiti cha ofisi, jioni ni kochi na televisheni. Msimu wa baridi unapoingia, kati ya Juni na Agosti, hali huwa mbaya zaidi. Watu hujifunika, hunywa chai ya maziwa iliyojaa sukari, na kungojea jua lirudi.

Mwili nao hauna subira hiyo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kutembea kwa kasi kunatosha. Hakuna ada wala mashine.

Kwa wale ambao nyumbani kwao ni Kisii au Nyamira, au wanaokwenda huko likizo ya Agosti, zoezi hilo liko mlangoni. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari na umezungukwa na vilima pande zote. Kama unatoka Nairobi, usiogope urefu huo, kwa sababu Nairobi yenyewe iko juu kiasi hicho. Ugonjwa wa milimani huanza kuwasumbua watu wanapopita mita 2,500. Atokaye Mombasa au Kisumu atahema kidogo siku ya kwanza, na hilo si jambo la kutia wasiwasi.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo mgeni huyasahau, na baadhi yake huua.

SAA KABLA YA KILIMA

Watu wengi huuliza, "Nipande kilima gani?" Swali la kwanza lingekuwa, "Nitakuwa nimeshuka saa ngapi?"

Kisii haina kiangazi kama kile cha Machakos au Garissa. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na kwa mwaka huzidi milimita 1,500. Hata Julai na Agosti, ambapo mvua hupungua, wingu la alasiri si jambo geni. Sababu yake ni Ziwa Victoria. Jua linapopanda, upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani na kupanda kuelekea nyanda za juu, ambako hukutana na upepo wa mashariki. Hewa hiyo hupaa, hupoa, na kujenga mawingu makubwa meusi. Kufikia saa nane au saa tisa mchana, ngurumo huanza na radi hupiga.

Eneo hili lote, kutoka Kisii na Nyamira hadi Kericho na Kakamega, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi sana katika Afrika Mashariki. Hili si jambo la mzaha. Juni 2011, katika wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi kwa pigo moja, nao walikuwa ndani ya darasa. Sembuse mtu aliye peke yake juu ya kilele?

Kwa hivyo fanya hivi: anza kutembea kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, na uwe umeshuka kabla ya saa saba mchana. Ukichelewa kuamka, usikipande kilima siku hiyo. Tembea barabarani karibu na nyumba. Kilima kitakuwapo kesho.

KIPIMO CHA MWENDO

Mwaka wa 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa hesabu ambayo hutumika hadi leo. Hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha uongeze saa nzima kwa kila mita 600 unazopanda, yaani dakika 10 kwa kila mita 100. Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye nguvu. Kwa mtu wa ofisi, na kwa familia yenye watoto, ongeza nusu ya muda huo. Safari ya kilomita sita yenye kupanda mita 200 itakuchukua zaidi ya saa mbili na robo, bila ya kuhesabu kupumzika.

Kuhusu kasi, kipimo unacho kinywani. Unapopanda, uweze kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Anayetembea na wenzake afuate mwendo wa aliye mnyonge zaidi, wala si wa kijana aliye mbele.

VILIMA VYA KUANZIA

Kilima cha Nyanchwa kiko kando ya mji wa Kisii wenyewe. Kinamfaa anayeanza kwa sababu barabara na nyumba ziko karibu. Ukichoka au wingu likikusanyika, hauko mbali na mahali pa kujisitiri. Anza hapo siku ya kwanza uone mwili wako unasemaje.

Ukingo wa Manga, kaskazini mwa mji, ndio wenye sifa zaidi. Ukiwa juu yake asubuhi isiyo na ukungu unauona mji wote wa Kisii chini yako, na kwa mbali Ziwa Victoria. Kosa la wengi ni kutaka kuukwea ukingo huo kutoka chini. Kwa asiyezoea ni afadhali kufika juu kwa gari, kisha kutembea juu kwa juu. Kaa mbali na ukingo, hasa majani yakiwa na umande, na watoto washikwe mikono. Kupiga picha huku unarudi kinyumenyume ni hatari hapa kuliko nyoka yeyote.

Barabara za majani chai za Nyamira, kama zile za upande wa Kebirigo, huenda ndizo bora kwa mwenye magoti mabovu au aliye na umri mkubwa. Barabara hizi zilitengenezwa ili malori yabebayo majani yaweze kupanda, kwa hivyo miinuko yake si mikali kama ya vijia vya miguu. Utembee upande unaoyaona magari yakija.

Tabaka, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, ndiko yatokako mawe laini ya kuchongwa vinyago yanayouzwa duniani kote. Matembezi ya huko ni mepesi na yana mengi ya kuona. Lakini usikaribie kuta za machimbo, kwa maana udongo ulioloa huporomoka bila ya onyo, na mashimo ya kale huwa yamejaa maji. Mwenye pumu asikae penye vumbi la wachongaji.

Kilima cha Sameta, kinachokaribia mita 2,000, waachie waliokwisha zoea, au ukifanye kuwa lengo lako la Desemba.

Ikumbukwe pia kwamba Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi nchini. Karibu kila kijia kinapita katika shamba la mtu. Salimu, "Bwakire buya," omba njia, na usichume chochote. Mwenye shamba aliyesalimiwa ndiye atakayekuonyesha njia kavu, na ndiye atakayekufungulia mlango mvua ikikukuta.

MATOPE, MAGOTI NA VIATU

Udongo mwekundu wa Kisii ukilowa huteleza kama sabuni. Viatu vya ngozi vya ofisini na raba zilizolika soli havifai. Tafuta viatu vyenye soli ya meno, vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Gambuti huzuia maji lakini hazishiki kifundo, kwa hivyo si nzuri kwa mwendo mrefu.

Watu wengi hudhani kwamba kupanda ndiko kunakoumiza. Kupanda huchosha moyo na mapafu, lakini kushuka ndiko huumiza magoti, kwa kuwa kila hatua ya kushuka hulitwika goti mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na ubebe fimbo. Maumivu ya misuli ya mapaja yanayozidi siku ya pili ni ya kawaida na hupona yenyewe. Goti lililovimba, au kifundo usichoweza kukikanyagia, si la kawaida. Nenda ukapimwe.

Vaa nguo mbili tatu nyepesi badala ya koti moja zito, ili upunguze unapopata joto. Beba koti la mvua na fulana kavu ya kubadilisha. Mtu aliyeloa jasho au mvua kisha akapigwa na upepo hupoteza joto upesi, hata Kisii ambako hakuna theluji. Chakula kisikusumbue: ndizi mbivu mbili tatu za huko Kisii na lita moja ya maji zitakutosha asubuhi nzima.

KWA WENYE MARADHI

Shinikizo la damu lisikuzuie kutembea, bali likuzuie kutembea kabla ya kupimwa. Ikiwa kipimo chako cha juu ni 180 au zaidi, au cha chini ni 110 au zaidi, mwone daktari kwanza. Wapo wagonjwa ambao siku ya safari huacha dawa za kukojoza kwa kuogopa kukosa choo njiani. Usifanye hivyo. Muulize daktari wako kama unaweza kuimeza baada ya kurudi, na siku hiyo unywe maji ya kutosha.

Mwenye kisukari anayejidunga insulini au kumeza dawa zinazoshusha sukari asitoke bila ya kula, na abebe sukari au peremende mfukoni. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, ale sukari hapo hapo na kuketi. Mwenye pumu abebe pampu yake mwilini, si katika gari, na aanze polepole kwa sababu hewa baridi ya asubuhi hubana kifua.

Kwa kila mtu, maumivu ya kifua yanayoenea hadi taya au mkono, kizunguzungu, au kuhema kusikoisha baada ya kupumzika ni ishara ya kusimama na kutafuta gari la kwenda hospitali. Usingoje kufika kileleni.

RADI IKIWAKUTA

Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 nawe uko hatarini. Ondoka kileleni mara moja. Usikae chini ya mkalitusi wala mti mwingine wowote ulio peke yake, na usiegemee ua wa waya. Kibanda cha mabati kilicho wazi huzuia mvua, hakizuii radi. Afadhali gari lenye paa la chuma lililofungwa madirisha, au jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Akipigwa mtu, mguse bila ya hofu. Wapo wanaosema kuwa aliyepigwa na radi hubaki na umeme mwilini, au kuwa ametupiwa na adui hivyo asiguswe. Imani hiyo imewaachia kufa watu ambao wangepona. Hana umeme wowote. Mara nyingi moyo na pumzi zimesimama tu, na zinaweza kuamshwa. Mlaze chali, weka viganja vyako katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kila mara 30, mpulizie pumzi mbili kinywani kama unajua kufanya hivyo. Ikiwa walioanguka ni wengi, anza na asiyepumua. Anayelia atangoja.

UKISHARUDI MJINI

Nyanda za juu za Kisii zimewahi kukumbwa na milipuko ya malaria, hasa miezi inayofuata mvua ndefu, na mtu wa Nairobi hana kinga. Lala ndani ya chandarua kila usiku wa likizo yako. Ukipata homa wiki moja au hata miezi kadhaa baada ya kurudi, usidhani ni mafua ya baridi. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na umweleze daktari ulikotoka.

Matembezi mawili kwa wiki mbili za likizo hayatashusha shinikizo la mwaka mzima. Faida huja kwa anayeendelea. Ukirudi kazini, shuka matatu vituo viwili kabla ya chako, panda ngazi, na utenge Jumamosi asubuhi kwa kutembea. Kisha Desemba ikifika, Sameta itakuona mtu mwingine.