Ua Lililokatwa Lina Kiu

Ua likisha kukatwa halifi papo hapo. Huendelea kupumua, kunywa maji na kukunjua petali zake kwa siku kadhaa, likitegemea akiba ndogo ya sukari iliyobaki katika majani na kikonyo chake. Lakini mzizi uliokuwa ukilinywesha haupo tena. Ndiyo sababu maua mengi yanayoinamisha vichwa mezani siku ya pili hayakufa kwa uzee. Yamekufa kwa kiu, hali yamesimama ndani ya maji.

Hasara hiyo yajulikana katika nyumba nyingi. Mawaridi hununuliwa Ijumaa kwa ajili ya arusi ya Jumapili, fedha za mshahara zikatoka, na Jumapili asubuhi bibi arusi akakuta shingo zimelegea. Kumbe mawaridi yanayokatwa kandokando ya Ziwa Naivasha huko Kenya, au katika mashamba yaliyo karibu na Entebbe nchini Uganda, husafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi, yakauzwa huko, na bado yakadumu siku nyingi nyumbani kwa mnunuzi. Hayakupewa uganga wowote. Mara baada ya kukatwa hutiwa katika maji safi, kisha huwekwa katika vyumba vyenye baridi ya digrii chache tu za Selsiasi, na baridi hiyo hufuatana nayo safarini. Nyumba ya kawaida haina vyumba vya namna hiyo, ila usafi na kivuli inavyo.

Ndani ya kikonyo mna mishipa myembamba sana ambayo hupandisha maji. Kikonyo kikikatwa na kuachwa hewani, hewa hujipenyeza katika mishipa hiyo na kuziba njia. Basi maua yakifika nyumbani, jambo la kwanza ni kukata tena ncha za vikonyo, kiasi cha sentimita 2 au 3, kwa mshazari, zikiwa zimezamishwa ndani ya beseni la maji. Kisu kiwe kikali, kwani mkasi butu huiponda mishipa badala ya kuikata. Majani yote ambayo yangezama katika maji yaondolewe. Jani likizama huoza, na uozo huzaa bakteria.

Hao bakteria ndio adui mkubwa. Huongezeka katika maji, hufanya utelezi, na utelezi huo huziba vikonyo kama takataka zinavyoziba bomba la jikoni. Katika nyumba za askari usafi haufundishwi, lakini jagi la maua husahauliwa hata pale ambapo viatu vyang'aa kama kioo. Jagi lisuguliwe kwa sabuni na maji ya moto kila mara kabla ya kutiwa maua mapya. Maji yabadilishwe kila siku, au siku ya pili kwa kuchelewa sana, na kila mara vikonyo vipunguzwe kidogo. Faida nyingine ni kwamba mbu hawapati nafasi ya kuzaliana humo.

Atakaye kuyalisha maua yake aweza kutengeneza chakula chao nyumbani. Katika lita 1 ya maji hutiwa kijiko kidogo 1 cha sukari, vijiko vidogo 2 vya maji ya limau, na robo ya kijiko kidogo ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Sukari ni chakula, limau husaidia maji kupanda, na klorini huwazuia bakteria. Sukari peke yake ni hatari, kwani bakteria nao huila na kunenepa. Limau na klorini visichanganywe vikiwa vikavu bila maji, maana hutoa hewa yenye sumu. Kila kimoja kitiwe peke yake ndani ya ile lita ya maji, na mchanganyiko huo uwe mbali na watoto. Ama sarafu ya shaba ambayo baadhi ya watu huitumbukiza jagini, afadhali ibaki mfukoni.

Mahali pa kuweka maua pana maana pia. Dirisha lenye jua kali, kando ya jiko, na mbele ya feni hapafai. Wala bakuli la matunda si jirani mwema. Ndizi, papai na maembe yaivapo hutoa hewa iitwayo ethileni, ambayo huyazeesha maua. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Chicago, Crocker na Knight, walieleza jinsi maua ya kanesheni yalivyofumba kwa sababu ya hewa hiyo, iliyokuwamo katika gesi ya taa za siku zile. Leo taa hizo hazipo, ila mkungu wa ndizi mbivu ungalipo katika pembe ya sebule nyingi.

Waridi lililoinama lisitupwe haraka. Likatwe ncha, lizungushiwe gazeti lililokwisha kusomwa ili shingo inyooke, kisha lisimamishwe hadi karibu na kichwa katika maji ya vuguvugu kwa saa 1 au 2. Mara nyingi huinuka.

Kazi ngumu kuliko zote ni shada la mazishi, kwa kuwa shada halina jagi. Mwenzao akifariki, askari na majirani huchanga, akina mama husuka shada jioni, na asubuhi mjane hupokea kitu kilichokwisha kunyauka. Hilo laweza kuzuilika. Maua yasimamishwe kwanza katika ndoo ya maji mengi, kivulini, kwa saa kadhaa kabla ya kusukwa. Yachaguliwe yanayovumilia, kama kanesheni na krisanthemu. Haibiskasi, ingawa yapendeza, ua lake huishi siku moja tu. Badala ya kufunga vikonyo juu ya waya mkavu, vichomekwe katika vipande vya shina la mgomba, ambalo limejaa maji. Madhara yale ya ndizi hutoka katika tunda bivu, si katika shina. Usiku shada lilazwe mahali penye ubaridi na kufunikwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, wala si mfuko wa plastiki uliofungwa, ambao huhifadhi joto.

Njiani lisifungwe juu ya paa la gari, kwa maana upepo wa mwendo hukausha petali upesi. Likae ndani, sakafuni, chini ya lile gunia bichi, linyunyiziwe maji kidogo kila gari lisimamapo, na gunia liondolewe hapo tu shada linapokabidhiwa kwa wafiwa.