Saa ya Babu: Ing'arishwe au Iachwe na Makovu Yake?

Zipo nyumba hapa Nyegezi, kama zilivyo katika vitongoji vingine vya Mwanza, ambamo limehifadhiwa sanduku lisilofunguliwa ila kwa shughuli maalumu. Ndani yake mna hati ya shamba, picha zilizofifia, na pengine saa ya mkono iliyosimama siku nyingi. Huenda mzee aliinunua kwa fedha za pamba, au alizawadiwa alipostaafu kazi ya reli au bandari. Wengine walirudi nayo kutoka vita vya Burma, ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944.

Mwenye saa akiisha fariki, jamaa hukutana kugawana alichoacha. Shamba lina mipaka na ng'ombe wanahesabika. Saa ni moja, na haigawanyiki. Mwana mkubwa husema ipelekwe kwa fundi, ipakwe rangi uso wake, isuguliwe mpaka ing'are, naye aivae kazini. Dada yake hujibu kwamba ikishasuguliwa haitakuwa tena saa ya baba, bali saa ya dukani. Maneno hayo madogo yamepata kuwatia ndugu katika ubishi wa miezi. Ni vema basi tuyachunguze kwa makini, maana kila upande unayo haki yake.

MELI NA NGOMA

Mwanza yenyewe inatupa mifano miwili. Wa kwanza ni meli ya Victoria, iliyoanza kazi katika ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilisimama mwaka 2014 kwa uchakavu, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2020 ikarudi majini ikiwa na injini mpya. Hilo lilikuwa jambo la haki. Meli ni chombo cha kazi, na abiria aendaye Bukoba anataka kufika salama.

Mfano wa pili uko Bujora, karibu na Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Humo mna ngoma za kale. Ngoma ya namna hiyo ikipakwa rangi mpya hupendeza macho, lakini haisimulii tena mikono iliyoipiga. Thamani yake imo katika uchakavu wake.

Saa ya babu ni meli na ni ngoma kwa wakati mmoja. Mtambo wake wa ndani ni chombo cha kazi, nao wastahili kutendewa kama meli. Uso wake na mgongo wake ni kumbukumbu, navyo vyastahili kutendewa kama ngoma.

KINACHOUA SAA

Saa isiyotumia betri huendeshwa na kamani, ambayo hukazwa kila tuitiapo ufunguo. Nguvu ya kamani hupita katika magurudumu ya meno hadi kufikia gurudumu dogo linaloyumba huku na huku. Katika saa nyingi za zamani, gurudumu hilo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa siku. Mashine ifanyayo kazi kiasi hicho haiwezi kuishi bila mafuta. Nayo mafuta, hata saa ikiwa imelala sandukuni, hukauka na kuganda. Atakayeitia ufunguo kwa nguvu ili kujaribu kama ni nzima, huenda akalisha vyuma kwa vyuma.

Aidha, sisi tukaao kando ya ziwa tunao adui wa pili, nao ni unyevu. Mpira mwembamba unaoziba mgongo wa saa hukauka kwa umri, na hapo unyevu na jasho huingia. Kutu ikianza haingoji kikao cha ukoo kimalizike. Kwa sababu hiyo, kuiacha saa kama ilivyo bila huduma yoyote si kuihifadhi. Ni kuiacha ife polepole.

HATARI ISIYOONEKANA

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawana budi kulijua. Saa nyingi zenye tarakimu zing'aazo gizani, zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960, zilipakwa rangi yenye radiamu. Huko Marekani, wasichana waliokuwa wakiipaka rangi hiyo viwandani walichonga ncha za brashi kwa midomo yao. Katika miaka ya 1920 kadhaa wao waliugua mifupa ya taya na kufariki.

Mng'ao hufa baada ya miaka michache, lakini radiamu hubaki. Hupungua kwa nusu tu baada ya miaka ipatayo 1,600. Basi saa ya namna hiyo isifunguliwe nyumbani, isikwanguliwe, wala isiwe mchezo wa watoto au kuwekwa chini ya mto. Fundi naye aarifiwe mapema, asije akapuliza vumbi lake mezani.

LIPI LIFANYWE, LIPI LINGOJE

Kipimo ni kimoja: je, jambo hili laweza kutenguliwa kesho? Kusafisha mtambo, kutia mafuta mapya, kubadili mpira wa mgongo na mkanda wa ngozi ni mambo yasiyofuta historia. Hata kioo chaweza kubadilishwa, mradi cha zamani kihifadhiwe. Mwambie fundi waziwazi kwamba kila kifaa atakachokitoa akirudishe ndani ya bahasha.

Kupaka rangi mpya uso wa saa hakutenguliki. Kadhalika kusugua ganda: saa nyingi za bei nafuu ni za shaba nyeupe au ya manjano iliyofunikwa utando mwembamba wa kromu, na msuguo huutoa utando huo. Jina lililochongwa mgongoni likisuguliwa, limekwenda. Mwaka 2017, saa ya mchezaji sinema Paul Newman iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17, ikiwa bado na maneno ya mkewe yaliyochongwa mgongoni. Saa zetu hazitafika huko, lakini ni alama kama hizo zinazoitenga saa ya mzee na saa nyingine zote.

Basi mwana mkubwa apewe saa inayotembea, na dada aachiwe uso wenye makovu. Kisha ndugu wote waketi waandike katika karatasi moja: ilinunuliwa lini, wapi, kwa kazi gani, na ni nani ataipokea baadaye. Karatasi hiyo ikae ndani ya sanduku pamoja na bahasha ya fundi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari.