Usipake Kitu Kwenye Kioo

Juni ikiingia, swali huwa ni lile lile: "Fundi, kioo cha mbele kinaweka ukungu, nipake nini?" Anaweza kuuliza dereva wa Noah anayepakia abiria Makambako kwenda Njombe, mfanyabiashara wa viazi anayeshuka kutoka Makete, au mtu wa Limuru anayetoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Wote wameshapewa dawa na majirani: sabuni ya kipande, kiazi kilichokatwa, povu la kunyolea, hata tumbaku ya sigara. Wanachotaka kwangu ni kuambiwa ipi inashinda. Hakuna inayoshinda. Usipake kitu.

Wanaosifia sabuni hawaoti, kuna jambo wameliona. Kioo kilichopakwa sabuni kisha kikafutwa kwa kitambaa kikavu hakishiki vitone. Maji yanatandazika juu yake yakawa utando mwembamba, na mchana macho yanapenya. Mtu anafurahi, anampigia simu shemeji yake. Sasa subiri usiku, gari la mbele lije na taa kali. Ule utando wa maji, sabuni na vumbi unawaka kioo kizima, na mwenda kwa miguu aliye pembeni mwa barabara anapotea machoni mwa dereva. Kiazi ni hivyo hivyo, ila chenyewe kinaacha na wanga. Na kiganja cha mkono, ambacho kila dereva anakitumia akibanwa, kinaacha mafuta ya ngozi, na mafuta hayo yanaufanya mwanga utawanyike vibaya zaidi kesho yake.

Lakini hata sabuni ingekuwa safi kama hewa, bado isingesaidia, kwa sababu haiondoi hata tone moja la maji garini. Na maji yenyewe ni mengi. Mtu mzima aliyekaa tu kwenye kiti hutoa kama gramu 40 za maji kwa saa, kwa pumzi na kwa ngozi. Watu watano ni gramu 200, yaani glasi nzima. Gari dogo lina kama mita 3 za ujazo wa hewa, na kila mita ya ujazo ikiwa na nyuzijoto 20 haiwezi kubeba mvuke zaidi ya gramu 17. Piga hesabu: hewa yote ya gari inabeba gramu 51, basi. Kwenye kioo chenye nyuzi 5, hewa inayokigusa haiwezi kubeba hata gramu 7 kwa mita ya ujazo. Kinachozidi kinageuka maji pale pale kiooni. Mkijaa watano mkafunga vioo, dakika kumi ni nyingi. Hiace iliyojaza abiria, wengine na makoti yaliyolowa, sina haja ya kuieleza.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: maji haya yatokee wapi?

Hapo ndipo nakuta kosa kubwa kuliko yote. Tazama kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani yake. Kikiwaka, gari limefunga hewa ya nje na linazungusha ile ile ya ndani. Madereva wetu wanakiwasha kwa sababu ya vumbi na moshi wa malori, kisha wanakisahau mwaka mzima. Wengine wanakiwasha makusudi kwenye baridi, wakisema nje kuna ukungu, wakifungua utaingia ndani. Nawaomba sana waache. Hewa ya ukungu yenye nyuzi 5, pamoja na vitone vinavyoelea ndani yake, ina kama gramu 7 za maji kwa mita ya ujazo. Ikipita kwenye hita ikafika nyuzi 20, uwezo wake unapanda hadi 17, kwa hiyo inaingia garini haijafikia hata nusu ya shibe yake. Ni hewa kavu. Ile uliyoifungia ndani pamoja na pumzi za abiria ndiyo iliyoshiba. Kukataa ukungu wa nje kwa kujifungia na mvuke wa ndani ni kujiziba macho kwa mkono wako mwenyewe.

La pili ni AC. Naambiwa kila siku kwamba AC ni ya joto, ya Dar, kuiwasha baridini ni kuchoma mafuta bure. Maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwaka, unadhani yalikuwa wapi? Yalikuwa kwenye hewa. AC inapoipoza hewa, mvuke unageuka maji kwenye mabomba yake na kutoka nje. Hewa iliyokauka hivyo inapita kwenye hita, inapata joto, inakuja kiooni. AC na hita kwa pamoja hazipingani, zinasaidiana. Alfajiri ya baridi kali, nyuzi zikikaribia sifuri, kompresa ya magari mengi haiwaki. Si ubovu, hewa ya nje na hita vinatosha.

Basi fanya hivi. Zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, elekeza hewa kiooni, feni juu, hita juu, AC washa. Magari mengi yana kitufe cha kioo chenye mishale inayopanda, na ukikibonyeza hayo karibu yote yanajipanga yenyewe. Kioo cha nyuma kina nyaya zake, ziwashe. Kama hita haijapata moto, teremsha vioo vya pembeni kidogo, kwa vidole viwili tu, hata kama abiria watalalamika. Mwamvuli na mati zilizolowa zisilale garini. Safisha kioo kwa ndani kwa kitambaa safi. Badilisha filta ya AC, ambayo kwenye magari mengi inakaa nyuma ya droo ya dashibodi. Na kama uko Tanga kwenye joto na mvua, AC imepoza kioo mpaka kimeweka ukungu kwa nje, piga waipa na uigeuze hewa isikipulize.

Ukifanya yote na ukungu ukarudi, shika kapeti upande wa abiria wa mbele. Likiwa limelowa, mara nyingi mrija wa kutolea maji ya AC umeziba. Kama unyevu huo unanata vidoleni na garini kuna harufu tamutamu, ni kulanti inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita. Hiyo usiiache hadi mwisho wa mwezi, maana injini inapoteza maji yake ya kupozea.